Fueli, Hewa na Mashine Ndogo: Kufundisha Somo la Kuwaka Katika Shule za Mwambao wa Mtwara

Somo la kuwaka ni miongoni mwa masomo ambayo mwanachuo huyaona mepesi anapoyakuta katika muhtasari wa sayansi. Huandika ubaoni kwamba moto huhitaji vitu vitatu, yaani fueli, joto na oksijeni. Wanafunzi huyarudia maneno hayo kwa sauti moja. Na somo huisha kabla ya kengele. Mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa na karatasi ya tathmini mkononi hawezi kukana kwamba kila neno lililosemwa lilikuwa sahihi. Lakini msimamishe mtoto mmoja wa Msimbati au Mikindani, umwulize: "Ukitaka mashine ya boti iende kwa nguvu zaidi, utafanya nini?" Atakujibu bila kusita: "Nitatia petroli nyingi." Jibu hilo linaonyesha kwamba oksijeni imebaki ubaoni, haikuingia katika fikra za mtoto.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa njia ya kulifundisha somo hili kwa vipindi vitatu katika darasa la sita, akianzia kwenye mshumaa na kuishia kwenye mashine ambayo mtoto wa pwani huisikia ikinguruma kila alfajiri. Nimeongeza pia maelezo ya injini za ndege ndogo za mfano na fueli yake ya ajabu. Maelezo hayo si ya kuwafundisha watoto. Ni ya mwalimu mwenyewe, kwani mwalimu asiyejua zaidi ya kile anachokifundisha hutetereka mara aulizwapo swali la pili.

Kipindi cha kwanza: mshumaa na chupa

Tafuta chupa tatu za kioo zenye midomo mipana, moja ndogo, moja ya kati na moja kubwa, pamoja na vipande vya mshumaa vyenye urefu sawa. Chupa za plastiki hazifai, kwani huyeyuka. Wanafunzi waanze kwa kupima ujazo wa kila chupa, wakiijaza maji kwa kikombe kilichotiwa alama, kisha chupa zikaushwe vizuri. Washa mshumaa, ufunike kwa chupa ndogo, na darasa zima lihesabu sekunde hadi mwali uzimike. Fanya vivyo hivyo kwa chupa nyingine, kila moja mara tatu. Baina ya jaribio na jaribio chupa ipepewe ili hewa iliyotumika itoke. Wanachuo wengi husahau jambo hili dogo, halafu hushangaa kuona chupa kubwa "imeshindwa" na ya kati.

Matokeo yaandikwe katika jedwali. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba chupa kubwa huuweka mshumaa hai kwa muda mrefu zaidi. Wasitarajie kwamba chupa yenye ujazo mara mbili itatoa sekunde mara mbili kamili. Hewa huzunguka ndani ya chupa kwa namna isiyotabirika, na mwalimu mwaminifu huandika namba kama zilivyopatikana.

Sasa ndipo lije jaribio ambalo vitabu vingi huliruka. Weka mishumaa miwili yenye urefu sawa chini ya chupa ile kubwa. Kabla ya kuiwasha, waulize wanafunzi watabiri: je, moto utadumu zaidi, utadumu sawa, au utazimika mapema? Hesabu mikono, uandike idadi ubaoni. Watoto wengi husema utadumu zaidi, kwa kuwa fueli imeongezwa. Washa, funika, hesabu. Mishumaa miwili itazimika mapema kuliko mmoja.

Usiharakishe hapa. Waache wabishane kwa dakika kumi ikiwezekana. Mmoja atasema moshi umeuziba moto. Mwingine atasema mishumaa imepokonyana hewa. Mwalimu asitoe hukumu mara moja, bali aulize: "Tutajuaje ni nani aliye sahihi?" Fueli imeongezwa mara mbili, hewa imebaki ile ile, na moto umekufa upesi. Mtoto aliyeliona jambo hili kwa macho yake ameanza kuelewa kwamba hewa ni chakula cha moto sawasawa na nta, na kwamba kinachokwisha mapema ndicho kinachoamua.

Kipindi cha pili: oksijeni ni kiasi gani?

Kuna jaribio la zamani ambalo hufundishwa bado katika shule nyingi. Mshumaa husimamishwa katika sahani ya maji, hufunikwa kwa glasi, na unapozimika maji hupanda ndani ya glasi. Mwalimu husema: "Maji yamechukua nafasi ya oksijeni, nayo ni moja ya tano ya hewa." Namshauri mwanachuo aliache jaribio hili, au alitumie kwa shabaha nyingine. Glasi inaposhuka juu ya mwali, hewa iliyomo imekwisha pata joto na kutanuka, na sehemu yake hutoroka. Mara nyingi viputo huonekana pembeni. Mwali ukifa, hewa iliyobaki hupoa na kunywea, ndipo maji yanapopanda. Tazama kwa makini, utaona kwamba maji hupanda kwa kasi baada ya mwali kufa, siyo pole pole wakati unawaka. Zaidi ya hayo, mshumaa huzimika wakati oksijeni nyingi bado imo: hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, na mwali wa mshumaa hushindwa inapofika karibu asilimia 16. Basi ile "moja ya tano" inayopatikana kwa mshumaa ni bahati tu, wala si ushahidi.

Jaribio lililo bora ni la kutu, na pwani yetu ina neema ya kutu. Omba unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea mageti. Uoshe kwa sabuni ili mafuta yatoke, uulowanishe, kisha uunyunyize ndani ya chupa nyembamba ya kioo iliyolowana ili ushikamane na kuta zake. Ipindue chupa juu ya beseni la maji, uweke alama mahali maji yalipo, uiache kwa siku kadhaa. Chuma kinaposhika kutu huungana na oksijeni pasipo joto la kutosha kuitanua hewa. Maji yatapanda hadi karibu moja ya tano ya chupa, kisha yatasimama, hata ukingoja juma zima zaidi. Kutokana na hayo mwanafunzi hujifunza mambo mawili: kwamba sehemu ndogo tu ya hewa ndiyo inayoshiriki, na kwamba kutu ya nanga na kuwaka kwa mshumaa ni ndugu.

Jaribio hili lianze siku ya kipindi cha kwanza, ili liwe tayari kwa kipindi cha pili. Andalio la somo lisiloonyesha jambo hilo halijakamilika.

Kipindi cha tatu: silinda ni chupa

Chora silinda ubaoni, na pistoni ndani yake. Waambie wanafunzi kwamba silinda ni chupa ile ile waliyoijaribu, ila hii hujazwa na kumwagwa mara maelfu kwa dakika. Ujazo wake haubadiliki. Kwa hiyo kila mara pistoni inaposhuka, hewa inayoingia ina mpaka. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iwake yote. Ukizidisha petroli bila kuzidisha hewa, petroli ya ziada haipati wa kuungana naye. Hutoka kama moshi mweusi, hutia masizi kwenye plagi, na mashine hukohoa. Kazi ya kabureta ni kuyapatanisha mambo hayo mawili. Hata choki, ambayo kila mtoto ameiona kwenye pikipiki, huziba hewa kidogo ili mchanganyiko uwe mzito wakati mashine ni baridi. Ikisahauliwa, mashine hulewa.

Mtoto wa Mtwara ana mfano mwingine karibu naye. Gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ambayo tangu 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa kabisa ni methani. Ujazo mmoja wa methani huhitaji karibu ujazo 10 wa hewa. Katika jiko la gesi, mwali wa buluu ni alama ya hewa ya kutosha. Mwali wa manjano unaoacha masizi chini ya sufuria ni alama ya uhaba. Kibatari hufanya hivyo usiku kucha.

Tofauti ya pikipiki na mashine za boti zinazotumiwa na wavuvi wengi ni ya kufundisha. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mipigo minne: oili imo katika chemba yake chini ya injini, na petroli humiminwa peke yake tangini. Mashine nyingi za boti ni za mipigo miwili: petroli na hewa hupitia kwanza katika chemba ya shafti, nayo haina oili yake yenyewe. Basi oili huchanganywa ndani ya petroli, ikaenda ikilainisha huku ikiungua. Hapa hesabu ya uwiano hupata kazi ya kweli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 za petroli huhitaji mililita 400 za oili. Kwa 25 kwa 1, uwiano unaotakiwa na mashine nyingi za zamani, huhitaji mililita 800. Kwa 100 kwa 1, mililita 200. Uwiano ulio sahihi ni ule ulioandikwa na mtengenezaji wa mashine ile, si ule wa mashine ya jirani.

Oili ikipungua, pistoni hupata joto, hutanuka na kung'ang'ania katika silinda. Jambo hilo likitokea ufukweni ni hasara ya fedha. Likitokea mlangoni mwa Mto Ruvuma wakati wa bamvua, maji ya mto yakipambana na ya bahari juu ya mafungu ya mchanga, ni habari nyingine. Kuchanganya oili "kwa macho", kwa kutazama rangi ya petroli tu, ni desturi ya watu wengi hodari, na mwalimu asiidharau mbele ya watoto wao. Lakini awape kipimo. Mtoto wa darasa la sita aliyeweka alama ya mililita 400 kwenye chupa tupu na kuipeleka nyumbani amekwisha kulifanyia kazi somo la uwiano.

Petroli yenyewe isiingie darasani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na moto uliowashwa mbali. Ndani ya boti hujilaza kwenye ngama, ukingoja cheche. Zoezi la kupima lifanywe kwa maji yaliyotiwa rangi. Na maji yawakilishe vitu vyote viwili: mwanachuo akitumia mafuta ya kupikia badala ya oili, yataelea juu ya maji, na watoto wataondoka wakiamini kwamba oili huelea juu ya petroli.

Ikiwezekana, mwalike fundi wa mashine za boti. Asije na mashine. Aje na plagi tatu zilizokwisha tumika. Iliyo nyeusi yenye masizi husema kwamba fueli au oili ilizidi. Iliyo ya kahawia hafifu husema mambo yalikuwa sawa. Iliyopauka ikawa nyeupe husema mashine ilichemka, mara nyingi kwa sababu fueli ilikuwa chache mno kwa hewa iliyokuwapo. Plagi hizo tatu zina thamani kuliko picha kumi za kuchapwa.

Bila shaka mtu atauliza habari ya mafuta ya taa. Zamani, yalipokuwa rahisi sana kuliko petroli, wafanyabiashara waliyachanganya kwa siri, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wake ili kuondoa kishawishi hicho. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, na katika injini ya petroli huweza kuwaka kabla ya wakati wake, pistoni ikasikika ikigonga. Hata hivyo zipo mashine za boti zilizoundwa kwa mafuta ya taa, ambazo huwashwa kwa petroli kwanza, kisha hubadilishwa zikipata moto. Fueli si nzuri wala mbaya peke yake. Huulizwa kwanza ni ya mashine gani.

Kwa mwalimu mwenyewe: fueli inayobeba oksijeni

Katika nchi nyingi wapo watu wanaorusha ndege ndogo za mfano zenye injini za mipigo miwili. Silinda ya injini ya kawaida ya namna hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 6 au 7, yaani zaidi kidogo ya kijiko cha chai. Haina cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini ambao hutiwa joto kwa betri wakati wa kuwasha; kisha betri huondolewa, na waya huendelea kung'aa kwa sababu mvuke wa methanoli ukigusa platini hutoa joto. Plagi hizo zilianza kuuzwa na Ray Arden wa Marekani mwaka 1947. Fueli yake ni methanoli, pamoja na oili ya kulainisha, ambayo mara nyingi ni mafuta ya mbarika, mmea uotao wenyewe katika viwanja vyetu. Juu ya hayo huongezwa nitromethani, ambayo wenyewe huiita "nitro" kwa ufupi, kwa asilimia 5, 10, 15, hata 30.

Mwanachuo aangalie hesabu ifuatayo, kwani ndani yake mna jibu la swali tulilomwuliza mtoto wa Msimbati. Kilo moja ya petroli hutoa nishati ya megajuli 44 hivi, methanoli 20, na nitromethani 11 tu. Kwa mtazamo wa haraka nitro ni fueli dhaifu kuliko zote. Lakini petroli huhitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo, methanoli kilo 6.4, na nitromethani kilo 1.7. Sasa ipe kila fueli hewa ile ile, kilo 15. Petroli itakayowaka ni kilo 1, nayo itatoa megajuli 44 au 45. Methanoli ni kilo 2.3, megajuli 47. Nitromethani ni kilo 8.8, megajuli 97. Silinda ni ile ile na hewa ni ile ile, lakini nishati ni maradufu, kwa kuwa katika molekuli ya nitromethani mna atomi mbili za oksijeni. Fueli imekuja na sehemu ya hewa yake mkononi.

Je, basi kila mrushaji achague nitro nyingi? La. Kwanza, fueli huliwa kwa wingi zaidi, na sindano ya kabureta lazima ifunguliwe zaidi. Asiyefanya hivyo huiunguza injini kwa ukame. Pili, nitro ikizidi, mchanganyiko huwaka mapema mno, kama kwamba mgandamizo umeongezwa. Mafundi hulazimika kuweka kipande chembamba cha bati chini ya kichwa cha silinda ili kuupunguza, na kuchagua plagi isiyo moto sana. Tatu, mabaki yake huzaa asidi inayokula beringi, hivyo baada ya kurusha injini huachwa imalize fueli yote, kisha hutiwa oili. Na nitro ndiyo sehemu ya ghali. Faida yake ya kila siku, kwa mrushaji wa kawaida, ni kwamba injini huwaka kwa urahisi na kutulia ikizunguka pole pole. Kwa hiyo injini nyingi za kawaida hutosheka na asilimia 10 au 15, na yapo mashindano ya kimataifa ya kasi ambayo fueli yake ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20, pasipo nitro hata tone.

Vitu hivi visiletwe shuleni kamwe. Methanoli hupofusha na kuua ikinywewa, na mwali wake hauonekani juani. Nitromethani ni ya hatari zaidi.

Nimeyaleta haya kwa sababu moja nyingine. Katika vijiji vya Ghuba ya Mnazi, mapema au baadaye, mwanafunzi mwenye akili atauliza: "Mwalimu, umesema moto hauwaki bila hewa. Mbona baruti hulipuka chini ya maji?" Swali hili ni la kisayansi, nalo ni zuri kuliko yote yatakayoulizwa mwaka huo. Lisijibiwe kwa kiboko wala kwa hotuba. Jibu lake ni kwamba baruti, kama nitro, imebeba oksijeni yake yenyewe. Mwalimu aishie hapo kuhusu baruti. Asitaje imeundwa kwa nini. Kisha ageukie upande wa pili wa swali, yaani nani hupatwa na mlipuko huo. Samaki huvunjika pamoja na mayai na makinda, na matumbawe, ambayo hukua kwa milimita au sentimita chache kwa mwaka, husagika kwa nukta moja. Uvuvi huo umekatazwa kisheria tangu 1970, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, lakini mtoto aliyemwona mjomba asiye na mkono anajua jambo ambalo sheria haikumfundisha. Mwalimu awe mwangalifu asimtaje mtu, na asimwulize mtoto habari za nyumbani kwao mbele ya wenzake.

Kupima kama somo limeeleweka

Usiulize "Taja vitu vitatu vinavyohitajika ili moto uwake." Swali hilo hujibiwa na kasuku. Jaribu haya:

Mishumaa mitatu imefunikwa kwa chupa moja. Je, itadumu kuliko miwili? Eleza.

Mvuvi ana lita 15 za petroli, na mashine yake hutaka uwiano wa 50 kwa 1. Atie mililita ngapi za oili?

Plagi ya mashine imetoka nyeusi. Toa sababu mbili zinazowezekana, na useme utajuaje ipi ndiyo.

Swali la mwisho wapewe Ijumaa, waende nalo nyumbani: "Kwa nini mashine ya boti hukohoa na kuzimika ikiwa choki imesahauliwa?" Wasipewe jibu. Wamwulize fundi au mvuvi, waandike alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, na Jumatatu majibu yasomwe darasani yakilinganishwa na jedwali la mishumaa, ambalo lisiwe limefutwa ubaoni.